Antena mnaiogopa, jenereta je?

Juzi nimeitwa tena kwenye mkutano wa mtaa. Mama mmoja akasimama, kakunja uso: "Fundi, mnara wenu wa simu uko mita nane tu nyuma ya ukuta wangu. Mionzi inatumaliza." Hajakaa vizuri, simu ikaita. Akaichomoa kifuani, akaibana sikioni.

Mama yangu, chini ya mnara ndipo penye mawimbi haba. Yale mabamba marefu meupe, ndizo antena zenyewe, hayamwagi kitu miguuni pake kama bomba la bafuni. Yanatazama mbele, tumeyainamisha nyuzi chache tu, kwa hiyo mwali wenyewe unapita juu ya bati lako na kugusa ardhi mita mia na ushee huko mbele. Kila anayedai mnara usogezwe "kidogo tu, pale uwanjani" anaomba, bila kujua, awekwe kwenye mwali. Hata huko si pa kutisha: kikomo cha kimataifa kwa raia kwenye megahezi 900, moja ya masafa ya simu, ni wati 4.5 kwa mita ya mraba, na vipimo vya mtaani kwa kawaida huwa chini sana ya hapo.

Tukiupeleka mbali kabisa? Simu yako itahangaika kuufikia, itapandisha nguvu, tena ikiwa imegusa fuvu. Simu ya 2G kwenye masafa hayo hufika wati 2. Hilo nimelieleza mpaka sauti imekauka.

Halafu kuna wa "WHO wamesema ni kansa". Mwaka 2011 shirika lake la utafiti wa saratani, lile la Lyon, Ufaransa, liliweka mawimbi ya redio kundi 2B, yaani huenda yakasababisha. Ushahidi ulioangaliwa zaidi ulihusu simu ya sikioni. Dondoo la jani zima la mshubiri nalo limo kundi hilohilo, na sijaona mtaa ukiandamana kung'oa mishubiri.

Mimi mwenyewe sisimami mbele ya antena mpaka izimwe. Pua na bamba si sawa na mita mia. Na tafiti nyingi za majirani wa minara siziamini, zinazotisha na zinazotuliza, kwa sababu zinapima umbali badala ya mawimbi, na umbali, kama nilivyosema, unadanganya. Vikomo vyenyewe vimejengwa juu ya madhara ya joto mwilini. Anayekuapia kuhusu miaka 60 ya kulala jirani na mnara anakuuzia kitu.

Ila moshi wa dizeli hauna "huenda". Shirika lilelile liliuweka kundi la 1 mwaka 2012, kundi la sigara. Baada ya mkutano nilikwenda kwa yule mama na kipimo. Mawimbi: hata asilimia moja ya kikomo hayakufika. Pazia la chumba cha watoto lilikuwa jeusi upande mmoja, upande unaotazamana na bomba la moshi la jenereta ya mnara.

Nimeandika kwa wenye mnara bomba ligeuzwe. Ni kazi ya nusu siku. Barua hii ni ya tatu.