Mota ya kaboni si injini ya bodaboda

"Mota mpya ipige betri kamili, ifunguke."

Kauli hii imetoka kwa watu wa bodaboda, na hata huko si kweli, maana pikipiki mpya huzoeshwa kwa mwendo wa taratibu. Sasa imehamia kwenye magari ya rimoti, na ukikaa Mwanjelwa au Uyole, hapa Mbeya, utaisikia mpaka uchoke. Mtu ananunua mota ya 540 (hicho ni kipimo cha ukubwa wake), anainua gari magurudumu yasiguse chini, anachomeka betri ya LiPo iliyojaa volti 8.4 na kubana triga hadi mwisho. Mlio unamfurahisha, kumbe ndani komyuteta, ile shaba inayozunguka na kupokea umeme, inaungua.

Itazame kwa karibu kaboni mpya, kile kipande kinachosugua komyuteta na kuipelekea umeme. Uso wake ni bapa, au una mbonyeo usiolingana sawasawa na komyuteta, na komyuteta ni duara dogo la shaba, kipenyo chake milimita 7 na kitu. Bapa likilalia duara linagusa kwa mstari mwembamba tu, na umeme wote unalazimika kupita hapo. Bila mzigo, 540 ya kawaida kwenye volti 7.2 inazunguka karibu mara 15,000 kwa dakika au zaidi. Kwa kasi hiyo kaboni ambayo haijakaa sawa kwenye komyuteta inarukaruka. Kila ikiruka inapiga cheche, na kila cheche inachimba kishimo kwenye shaba. Vishimo vinaikwangua kaboni, kaboni iliyokwanguliwa inazidi kuruka, na mota inazeeka siku hiyohiyo iliyotoka kwenye boksi.

Njia sahihi ya kuizoesha mota inataka betri mbili kubwa za redio, zile nene, zikifuatana ili upate volti 3. Chukua za alkalini. Zile za bei poa zinalegea kabla kazi haijaisha. Toa pinioni, ile gia ndogo kwenye shafti ya mota. Weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila bushi (pete inayoshikilia shafti), ya mbele na ya nyuma, kisha futa yanayozidi. Bana mota isiruke, uiunganishe izunguke upande wa kupeleka gari mbele, kwa sababu kaboni hulika kufuata upande inaozungushiwa. Iache dakika 2, izime, isubiri ipoe kabisa. Rudia mara 4 au 5. Mwanzoni inakwaruza, halafu sauti inalainika na cheche unazoziona kwenye matundu zinapungua.

Kama mota yako inafunguliwa, chomoa kaboni uikague: sehemu iliyokwisha kukaa inang'aa, nyingine imefifia. Mng'ao ukifika robo tatu ya uso, inatosha kabisa. Wanaoiacha saa nzima wanamaliza kaboni bure. Puliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, na chaji mbili za kwanza za betri ya gari uendeshe bila kubana triga hadi mwisho. Tafadhali, ni chini ya saa moja ya kazi. (Mota zisizo na kaboni hazina cha kuzoeshwa, usizipotezee muda.)

"Ikipiga kelele, ipulizie oili ndani."

Hapa tena ni akili ya injini. Oili ni ya bushi peke yake. Ikifika kwenye komyuteta inachanganyika na unga wa kaboni na kuwa tope jeusi, nalo linajaa kwenye mifereji mitatu inayotenganisha vipande vya shaba. Umeme unavuja kutoka kipande kimoja kwenda kingine: mota inachemka huku haina nguvu. Vumbi la kiangazi chetu likiingia humo, tope linageuka kuwa msasa. Dawa yake ni spirei ya kusafishia breki, ile ya maduka ya spea. Chomoa betri, toka nje, puliza kidogokidogo hadi inayotoka iwe safi, acha dakika 15 ikauke, halafu rudisha tone moja kwenye kila bushi, kwani spirei imeosha la zamani. Usiifikishe kwenye bodi ya plastiki. Petroli, hapana kabisa: cheche moja iliyobaki inatosha kuwasha moto.

Wapo wanaoizoesha mota mpya ikiwa imezama kwenye maji: ni kweli kaboni inakaa haraka, lakini ni kwa sababu inalika haraka. Maji ya bomba yanaacha kutu kwenye chuma cha ndani na kuosha oili ya bushi.

Komyuteta ya rangi ya kahawia laini haina uchafu wa kusuguliwa kwa msasa. Utando huo unailinda. Inayotaka kazi ni iliyoungua nyeusi au yenye mikwaruzo, na hiyo inapelekwa kwenye lathe, mashine ya kuchonga chuma.

Zile kapasita tatu ndogo mgongoni mwa mota hazipunguzi spidi, kama wengine wanavyodai. Zinanyamazisha kelele za umeme zinazovuruga risiva, kile kifaa cha garini kinachopokea amri za rimoti. Ukizikata, gari linaweza kuanza kukukatalia mita chache tu mbele yako.

Na hii ya kwetu: "Mbeya baridi, mota haiungui." Joto linazaliwa ndani ya waya, na hewa ya mita 1,700 juu ya bahari ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo inaondoa joto pungufu kuliko ile ya pwani. Baada ya dakika 5 za mbio shika kopo la mota. Ukishindwa kulishikilia kwa sekunde 3, weka pinioni yenye meno pungufu mawili.