Mtoto Anaporudi Nyumbani Amegombezwa na Mwalimu: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wazazi wengi wanaifahamu hali hii: mtoto wa darasa la pili au la tatu anaingia nyumbani bila kuamkia, anatupa begi kwenye kochi, na anapoulizwa kuna nini anaangua kilio alichokuwa akikizuia tangu asubuhi, mwalimu alipomkaripia mbele ya wenzake. Nusu saa inayofuata ni ya thamani kubwa, nasi mara nyingi tunaiendesha kwa mazoea tuliyoyarithi bila kuyachunguza.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mwalimu hagombezi bure, na kwa hiyo neno la kwanza la mzazi linapaswa kuwa "Ulifanya nini?" Ukweli ni kwamba mara nyingi mtoto amekosea kweli: amepiga kelele, amesahau daftari, amemsukuma mwenzake. Lakini mwalimu mwenye darasa la watoto 80 au zaidi, hali isiyo ngeni katika shule zetu za msingi za mijini, humkaripia yule anayemwona amegeuka nyuma, na huyo si lazima awe ndiye aliyeanza fujo. Tena, hata pale ambapo kosa ni la mtoto, swali la "Ulifanya nini?" limebeba hukumu ndani yake, na mtoto huisikia hukumu hiyo kabla hajalisikia swali. Akipokewa hivyo mara mbili tatu, anajifunza kwamba mambo ya shule hayaletwi nyumbani. Na siku atakapofanyiwa jambo zito, jambo ambalo ni wewe tu ungeweza kumtetea, atanyamaza. Muulize "Ilikuwaje?", kisha umwache amalize, hata kama anarudia maneno yale yale na kuyachanganya.

Dhana ya pili ni kwamba kumbembeleza mtoto aliyegombezwa ni kumdekeza. Wanaoishikilia huitegemeza kwenye methali ya "Mchelea mwana kulia hulia yeye", ambayo naiheshimu, lakini naona inabebeshwa mzigo usio wake. Methali hiyo inamsema mzazi anayeogopa kumrudi mwanawe asije akalia. Haimsemi mzazi anayemkuta mwanawe tayari analia. Kumrudi mtoto na kumfariji ni kazi mbili za mlezi yuleyule, na tofauti yake ni ipi itangulie.

Inafaa kufariji kutangulie kwa sababu karipio la hadharani humshtua mtoto mwili mzima. Mapigo ya moyo huenda mbio, pumzi hufupika na misuli hukaza, kwa kuwa mwili umemwaga homoni za kujihami, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Katika hali hiyo sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima sababu na matokeo na ambayo hata kwa mtu mzima haikomai mpaka miaka ya ishirini na kitu, haifanyi kazi yake vizuri. Ndiyo maana mawaidha marefu yanayotolewa mtoto akiwa bado ana kwikwi hayamwingii. Mnawishe uso, mpe maji ya kunywa, mkalishe karibu nawe, na mpe chakula, kwani wengi wao hurudi na njaa, na njaa huongeza uchungu wa kila kitu. Akishatulia, msaidie kulitaja jina la kile anachokihisi. Kiswahili kimetupa maneno ya kutosha kwa kazi hii: kuona aibu si sawa na kuogopa, na kukasirika si sawa na kuhisi umeonewa. Mtoto anayeweza kusema "niliona aibu kwa sababu walinicheka" amepata mahali pa kuuweka uchungu wake. Baada ya hapo ndipo kosa lizungumzwe, na lizungumzwe kwa kina, kwa kuwa mtoto mdogo huchanganya kwa urahisi "nimekosea" na "mimi ni mbaya", na mtu wa kumtenganishia mambo hayo mawili ni wewe. Mwambie waziwazi kwamba kutomaliza kazi ya nyumbani lilikuwa kosa, kisha mkae mezani muimalize pamoja.

Wako pia wanaodhani kwamba asiyelia hajaumia. Mtoto mkimya huweza kuueleza uchungu kwa njia nyingine: tumbo linamuuma kila Jumatatu asubuhi, anakojoa kitandani ilhali alishaacha, anaficha daftari la somo moja tu. Wasikilize watoto wanapocheza mchezo wa shule uani, kwani maneno ambayo mtoto wako anamfokea nayo mdogo wake "mwanafunzi" huenda ni yale aliyoambiwa yeye darasani.

Dhana nyingine ni kwamba mzazi anayejali hupanda juu papo hapo: humpigia mwalimu simu usiku, huandika malalamiko kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, au humwambia mtoto kwamba mwalimu wake hana akili. Nilikaribia kufanya hivyo mwaka mmoja, na nilichokuja kukielewa nilipotulia ni kwamba nilikuwa nimesikia nusu ya habari, tena kutoka kwa mtu wa miaka saba aliyekuwa na hofu. Malalamiko ya kundini humwaibisha mwalimu mbele ya wazazi wote, yaani tunamtendea jambo lile lile tunalolilalamikia. Nalo tusi kwa mwalimu humweka mtoto mahali pagumu, kwa kuwa kesho ataketi mbele ya mwalimu huyo huyo asijue amtii nani. Acha usiku upite, kisha umwombe mwalimu wa darasa nafasi mkiwa wawili, mtoto asiwepo. Anza kwa kuuliza: "Mwalimu, mtoto jana alirudi analia, naomba unisaidie kuelewa ilikuwaje." Katika shule nyingi yuko pia mwalimu wa malezi au wa ushauri nasaha, na wazazi wengi hawajui kwamba mlango wake uko wazi kwao.

Upole huo, hata hivyo, usizae dhana ya upande wa pili, kwamba kugombezwa kote ni kumoja na mzazi hana la kusema. "Acha kupiga kelele, fungua daftari" ni kukanya. "Wewe ni mjinga kama nyumbani kwenu" ni kudhalilisha, na sheria haiko upande wa kudhalilisha. Nchini Kenya, kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kimwili au kisaikolojia, na viboko haviruhusiwi. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu za kikatili na za kumdhalilisha mtoto; fimbo shuleni bado inaruhusiwa kwa kanuni za mwaka 1979, lakini kwa makosa mazito, na waraka wa elimu wa mwaka 2002 uliweka kikomo cha viboko 4. Matusi yakijirudia, au mtoto akirudi na alama mwilini, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, nenda kwa mwalimu mkuu, na usiposikilizwa nenda kwa kamati ya shule na ofisi ya elimu. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo katika nchi zote mbili.

Imebaki dhana kwamba jambo lililozungumzwa usiku limekwisha. Kwa mtoto, sehemu ngumu ni asubuhi inayofuata, kuingia tena katika chumba kile ambamo wenzake walimcheka. Kubalianeni naye jambo moja dogo la kuanzia: daftari likae juu kabisa ndani ya begi, na kama alikosa, ajizoeze nyumbani kusema, "Samahani mwalimu, jana sikumaliza kazi, leo nimeimaliza." Msindikize hadi getini kama nafasi ipo. Jioni akirudi usimpokee kwa "Je, leo umegombezwa tena?" Muulize kwanza amecheza na nani.