"Si aende timu ndogo akacheze tu?" Wapi, na nyuma ya mabeki gani?

Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii muulizaji hakungoja hata jibu: "Kocha, huyu kipa kijana ana miaka 21, anasugua benchi timu kubwa ya nini? Si aende timu ndogo akacheze tu?"

Linaloniudhi ni hilo "tu".

Nafundisha makipa, kwa hiyo tatizo nalijua. Winga aliyekosa namba ataingizwa dakika ya 70, au atahamishiwa upande wa pili. Kipa haingizwi kubadilisha kasi ya mchezo. Namba moja asipoumia wala kula nyekundu, namba mbili atapasha misuli msimu mzima. Hilo halina ubishi, tuliache.

Kinachosahaulika ni kwamba timu ndogo nayo ina benchi. Kipa Andriy Lunin alisajiliwa na Real Madrid mwaka 2018, akapelekwa kwa mkopo timu ndogo za Hispania, Leganés, kisha Valladolid, na kote huko alikaa benchi kuliko alivyocheza. Mechi za mfululizo alizipata Oviedo, daraja la pili. Kocha anayepambana asishuke daraja hana muda wa kulea mtoto wa watu. Kosa moja, pointi tatu zimekwenda, na mechi ijayo golini anasimama mzee wa miaka 34.

Haya, tuseme anacheza. Anacheza mpira gani?

Kipa wa timu inayoshambuliwa dakika 90 ana kazi tele: mashuti, krosi, kona. Anapangua, anashangiliwa, video zake zinasambaa. Mwili uko moto muda wote. Kipa wa timu kubwa anaweza kukaa dakika 60 bila kudaka chochote. Mabeki wake wamepanda hadi katikati ya uwanja, na lile eneo lote tupu nyuma yao ni mali yake. Halafu inapenyezwa pasi moja. Atoke au abaki? Ana nusu sekunde, na mwili umeshapoa. Uamuzi huo hujifunzi ukiwa mstarini, mbele yako mabeki wanne wamejazana ndani ya boksi na kazi yao ni kubutua. Halafu kuna miguu: timu ndogo anaambiwa apige mbali, timu kubwa anatakiwa ampasie kiungo aliyebanwa na watu wawili. Hizi ni kazi mbili tofauti, ila glovu ni zilezile.

Najua kwa sababu niliwahi kuharibu. Kipa wangu mmoja nilimsukuma mimi mwenyewe aende kwa mkopo. Akacheza karibu msimu mzima, mimi nikajisifu. Aliporudi, miguu ilikuwa imegandia kwenye mstari wa goli. Kila mpira wa nyuma ya mabeki anaangalia kama mtazamaji aliyelipa kiingilio. Ilituchukua miezi kumtoa pale.

Wanaosema aende timu ndogo watanitajia kipa Van der Sar: Juventus walipomnunua kipa mwingine, Buffon, mwaka 2001 alikwenda Fulham, timu ndogo ya England, miaka minne baadaye akachukuliwa na Manchester United, na 2008 akaokoa penalti ya Anelka wa Chelsea kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Sawa, lakini huyo alikuwa ameshabeba kombe hilohilo na Ajax mwaka 1995. Fulham hakwenda kujifunza kazi.

Wale wa upande wa pili, wanaosema abaki benchi, nao hunitajia Ortega, kipa namba mbili wa Manchester City: Mei 2024 namba moja Ederson kaumia, Ortega katoka benchi, kamzuia Son wa Tottenham akiwa ana kwa ana, Manchester City wakachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi mbili. "Unaona? Benchi halimuui kipa." Jamani, Ortega alifika City akiwa na miaka 29, baada ya misimu mitano ya kuwa namba moja Bielefeld ya Ujerumani. Alikuwa anakula akiba aliyokwishaweka.

Anayenivuruga kweli ni kipa Emiliano Martínez. Miaka kumi ndani ya Arsenal, mikopo isiyohesabika, Getafe hakupangwa kabisa kwa namna ya kutajika. Nadharia yangu ingemwambia aondoke mapema. Hakuondoka. Juni 2020 Leno, namba moja wa Arsenal, akaumia, Martínez akaingia, akabeba Kombe la FA, ndipo Aston Villa wakamlipia, na 2022 akawa bingwa wa dunia. Angeondoka miaka miwili kabla, nani angemwona? Zamani nilikuwa nasema kwa sauti kubwa kwamba ukifika miaka 23 bila namba, funga mabegi. Siku hizi nasema kwa sauti ndogo.

Nisichokipunguzia sauti ni hiki: kabla hujasaini, tazama mechi tatu za timu inayokutaka, na usimtazame kipa. Tazama mabeki wanasimama wapi timu ikiwa na mpira. Kama hawavuki nusu ya uwanja wao, jua unakwenda kujifunza nini.

Na yule kijana wa miaka 21? Timu inayomtaka nimeiona mechi moja. Zimebaki mbili.