Je, wajua kwa nini jeki yenye mafuta hushindwa kunyanyua gari?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jeki ya haidroliki, ile ya magurudumu inayosukumwa chini ya gari, hula mafuta kama injini. Ikigoma kupanda, nilijua imepungukiwa, nami nikaiongezea mafuta ya breki, kwa kuwa nayo husukuma pistoni na yanapatikana kila duka la vipuri. Wengi hufanya hivyo hadi leo, na hapo kuna makosa mawili.

Kwanza, jeki haiunguzi chochote. Mafuta hutoka kwenye tangi lake dogo, husukumwa nyuma ya pistoni kubwa, na ukilegeza vali ya kushushia hurudi yalikotoka. Yakipungua, yamevuja. Pitisha kidole shingoni mwa pistoni na kuzunguka pampu. Penye utelezi ulioshika vumbi ndipo penye tatizo.

Pili, mafuta ya breki aina ya DOT 3 na DOT 4 ni ya jamii ya glaikoli. Sili za jeki nyingi, yaani pete zinazozuia mafuta kuvuja, ni za mpira wa nitrili, unaopatana na mafuta ya madini. Ukiziloweka kwenye glaikoli huvimba, hulainika na kuharibika, na jeki iliyohitaji vijiko vichache vya mafuta sasa inahitaji sili mpya. Kinyume chake pia ni kweli: mafuta ya madini huharibu sili za breki. Jeki itilie mafuta ya haidroliki mepesi, namba 22 au 32 (namba ya uzito wa mafuta), isipokuwa mtengenezaji ametaja mengine.

Sasa, mbona hata yenye mafuta hugoma? Chukua bomba la sindano, livute maji, ziba tundu kwa dole gumba, kisha sukuma. Haliendi. Mwaga maji, vuta hewa, ziba tena: linasukumika, na ukiachia linarudi. Jeki nzima imo humo. Pistoni ya pampu yenye kipenyo cha mm 12 ikisukuma ya mm 36, eneo ni mara 9, kwa hiyo nguvu huongezeka mara 9 na mwendo hupungua mara 9. Kila pigo la mpini linasogeza mafuta kidogo mno. Povu dogo la hewa likikaa ndani ya pampu, pigo lote huishia kulibana. Mafuta hayapati shinikizo la kuinua gololi ya vali inayoyapitisha kwenda kwenye pistoni kubwa, na mpini unadunda. Bila mzigo jeki hupanda vizuri, chini ya gari inakwama. Hilo hunishangaza kila ninapolifikiria: tani nzima inashindwa kwa sababu ya hewa isiyojaza kifuniko cha chupa.

Kuitoa ni rahisi. Jeki ikiwa imeshuka kabisa na haina mzigo, legeza vali ya kushushia, toa kizibo cha mpira cha tundu la kujazia mafuta, pampu mpini haraka mara 15 au 20. Jaza mafuta hadi karibu na ukingo wa tundu, rudisha kizibo, funga vali, jaribu. Usijaze pistoni ikiwa nje: ikirudi, mafuta yake hukosa nafasi tangini na hutokea kwenye kizibo.

Gari likipanda vizuri lakini likashuka taratibu lenyewe, huenda hewa haihusiki. Mara nyingi ni uchafu chini ya gololi au sili iliyochoka, na kwa nje ni vigumu kujua ni kipi. Ndiyo maana hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi. Ukiamua kufungua vali ya kushushia usafishe, shusha gari kwanza, kisha tega sahani chini yake, kwa sababu gololi ni ndogo na hudondoka pamoja na mafuta.