Damu nzito, aspirini ya jirani, na mengine yanayonichosha

"Dokta, mimi damu yangu ni nzito." Wiki hii nimeyasikia maneno haya mara nne, na kliniki yangu ni siku mbili tu kwa wiki. Ukiuliza nani kapima, hakuna aliyepima. Mmoja kaambiwa na jirani, mwingine na muuza duka la dawa, wa tatu kaiona mwenyewe damu yake ikiingia kwenye sindano: nyeusi, inatoka kwa kusuasua. Basi, kesi imekwisha.

Nimefanya kazi na chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia kuigandisha, kwa zaidi ya miaka 20, na sijaona fomu ya maabara iliyorudi na jibu "nzito". Damu inayochotwa mkononi ni nyeusi kwa sababu imeshagawa oksijeni yake mwilini. Yangu iko hivyo, na yako pia. Kusuasua ni kwa sababu ya sindano nyembamba, au mshipa mdogo, au mgonjwa aliyetoka nyumbani alfajiri bila kunywa hata maji.

Upo uzito wa kweli, sikatai. Kuna ugonjwa unaoitwa polisaithemia, ambapo uboho hutengeneza chembe nyekundu kupita kiasi na hemoglobini, ile protini yao inayobeba oksijeni, ikapanda mpaka 19 au 20. Sigara za miaka mingi nazo huipandisha. Hao tunawajua kwa kipimo, na tiba yao mojawapo ni kuwatoa damu, hadi nusu lita kwa mara moja. Ni wachache sana. Wanaonilalamikia uzito wa damu, nikiangalia majibu yao, wengi hemoglobini ni 10 au 11. Mtu ana upungufu wa damu, na bado anatafuta dawa ya kuifanya iwe nyepesi!

Shida ni kwamba tumebeba mambo mawili kwenye kapu moja. Uji wa ulezi ukiwa mzito unaongeza maji, unakuwa mwepesi, watu wanakunywa. Maziwa mabichi ni mepesi, lakini yaweke kwenye kibuyu siku mbili tatu yanakuwa mgando, na hapo hata ukimimina ndoo ya maji, mabonge yatabaki mabonge. Damu kuganda ni habari ya maziwa, si ya uji. Mshipa ukichanika, kolajeni, protini iliyokuwa imefichwa ukutani mwake, inabaki wazi. Chembe sahani zinainasa, zinabadilika umbo, zinamwaga kemikali za kuita wenzake, kisha nyuzi za fibrini zinakuja kulifunga lundo lote. Uzito wa damu si sharti la hayo. Mgonjwa mwenye damu nyepesi kama maji ya kunawia anaweza kupata bonge kwenye mguu likasafiri hadi mapafuni.

Sasa aspirini, ile ndogo ya miligramu 75 ambayo kila mtu anaiita junia. Watu wanasema inalainisha damu. Hailainishi chochote. Inaingia kwenye chembe sahani na kuzima kimeng'enya kimoja kinachozisaidia kuitana, na ikishakizima hakiwaki tena. Chembe nyingine za mwili zingetengeneza kipya, lakini sahani hazina kiini, kwa hiyo hazina maelekezo ya kutengeneza kipya. Zinabaki hivyo mpaka zife, na maisha yao ni siku 7 hadi 10.

Hili nililiona kwa macho nikiwa mwanafunzi wa uzamivu. Tulikuwa tunatumia kipimo ambacho Gustav Born alikieleza mwaka 1962, na mpaka leo kinatumika. Unachukua utegili (yale majimaji ya damu) wenye chembe sahani, rangi yake ya njano iliyofifia, umejaa ukungu, unaupitishia mwanga huku ukikorogwa taratibu. Ukitia tone la asidi ya arakidoni, kemikali ya kuziamsha, sahani zinaanza kushikana. Unaona kwanza ukungu unakuwa punje punje, halafu vipande kama theluji, halafu kioevu kinang'aa na mstari kwenye karatasi unapanda. Siku hiyo mstari ulilala. Nikabadilisha kemikali, nikapasha moto mashine upya, nikamlaumu fundi. Mwisho nikamuuliza aliyejitolea damu: umemeza nini? "Hakuna." Nikamkazia. Akakumbuka kwamba juzi yake kichwa kilimuuma, akanywa vidonge viwili vya aspirini. Vidonge viwili, siku mbili nyuma, na nusu siku yangu ikapotea. Ndiyo maana mtu anayekuja kung'olewa jino akaniambia "junia nimeacha jana" huwa simjibu upesi.

Dawa yenye nguvu hiyo ndiyo watu wanagawiana kama pipi. Mama mmoja wa miaka 58 aliletwa na mwanawe akiwa hawezi kupanda ngazi. Alikuwa akimeza junia kila asubuhi kwa miaka mitatu, kwa ushauri wa shoga yake, na kuongezea dawa za maumivu ya magoti. Choo kilikuwa cheusi kama lami kwa wiki kadhaa. Yeye alifurahi, akidhani ni ule uzito unatoka. Hemoglobini ilikuwa 5. Tumbo lilikuwa na kidonda kinachovuja.

Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao ASPREE, uliofanyika Australia na Marekani kwa wazee zaidi ya 19,000 wasio na ugonjwa wa moyo, wengi wao wa miaka 70 na kuendelea. Nusu walipewa aspirini kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa. Aspirini haikuwapunguzia magonjwa ya moyo na mishipa kwa kiasi cha maana, lakini kutokwa damu kwa hatari kuliongezeka kwa asilimia 38. Tafadhali nisieleweke vibaya: aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi cha bonge la damu, au kuwekewa stenti (kibomba cha kuzibua mshipa), akapewa aspirini na daktari wake, asiiache kwa sababu yangu. Ninayemgombeza ni mwenye afya yake anayejitibu uzito ambao haupo. Pima presha. Kiharusi unachokiogopa mlango wake mkubwa ni presha, na kipimo chake ni cha dakika tano.

Mengine nitayapitia haraka.

Wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, wanaambiwa wasiguse mboga za majani. Si kweli. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K, ambayo inavutana na dawa hiyo, kwa hiyo kinachotuvuruga ni kula sahani mbili leo na kukaa wiki nzima bila. Kula kiasi kile kile, nasi tutapanga dozi kulingana nacho. Na warfarini haiyeyushi bonge. Inazuia lisikue huku mwili ukilisafisha wenyewe.

Juisi ya majani ya mpapai, inayosifiwa kupandisha sahani. Dengi ilipolipuka Dar es Salaam mwaka 2019, miti ilibaki vijiti. Sahani hushuka kwenye dengi na mara nyingi hupanda zenyewe siku chache baada ya homa kutulia, kwa hiyo aliyekunywa mpapai siku ya sita lazima ausifu. Kinachoua zaidi ni utegili kuvuja nje ya mishipa, na hilo linataka maji ya kutosha na uangalizi. Aspirini na ibuprofeni weka mbali kabisa mpaka dengi iondolewe shaka.

Mtoto wa kiume anayetoka damu siku tatu baada ya kutahiriwa hajarogwa, na ngariba hana mkono mbaya. Huenda ana himofilia, ugonjwa wa kurithi ambapo damu haigandi vizuri. Sahani zake zikihesabiwa ni za kawaida kabisa, kwani kinachokosekana ni protini ya kugandisha, ya nane au ya tisa. Waulizeni wajomba zake, kwani mara nyingi hupitia upande wa mama.

Na mwisho, namba ya mashine. Kijana aliletwa kwa machela na kundi la ndugu, karatasi mkononi: sahani 19, kawaida ni 150 hadi 450. Walishatafuta wachangiaji wanne. Hana doa la damu ngozini, fizi safi, anauliza kama anaweza kunywa soda. Nikasambaza tone lake kwenye kioo, nikaweka chini ya hadubini. Pembezoni mwa kioo sahani zilikuwa zimejaa, zimekumbatiana makundi makundi kama kumbikumbi kwenye taa. Dawa iliyomo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau huzishikanisha kwa baadhi ya watu, na mashine haizitambui zikiwa makundi. Tukachota upya kwenye chupa ya buluu: 231. Machela ilirudi tupu. Kijana alitangulia mbele kutafuta hiyo soda.