Hunter kwa macho ya waliolala chini ya tumbo lake

Rubani aliyewahi kuruka na Hawker Hunter, ndege ya kivita ya jeti, atakusimulia mbio zake na jinsi ilivyokuwa nyepesi mkononi. Fundi wake ataanza na harufu. Harufu yenyewe ni ya Avpin, kimiminika cha kuwashia injini, tamutamu kidogo, inayoingia kichwani na kukuachia maumivu mpaka jioni. Wazee niliokaa nao hapa Muscat waliacha kuishika zamani, na bado wanakunja pua wakiitaja.

Kazi yangu ni injini za ndege za abiria, na kazi hiyo ndiyo iliyonileta Oman. Hapa mtu akitaka Kiswahili hahangaiki. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, wengi wenye asili ya Oman walirudi kutoka Unguja, Pemba na bara, na baadhi yao waliingia jeshini. Ndiyo maana nimeweza kusikia habari za ndege ya Kiingereza, iliyotoka Jordan ikatumika Dhofar, jimbo la kusini mwa Oman, zikisimuliwa kwa lafudhi ya Mji Mkongwe.

Hunter ya kwanza iliruka tarehe 20 Julai 1951, na zilitengenezwa karibu 2,000. Oman ilizipata 1975, Mfalme Hussein wa Jordan alipomzawadia Sultani ndege 31 wakati vita vya Dhofar, dhidi ya waasi wa huko, vikielekea ukingoni. Zikawekwa Thumrait, jangwani nyuma ya milima ya Dhofar. Mvua za kharifu zinapoigeuza Salalah kijani kibichi, Thumrait, ng'ambo ya milima, hubaki kavu vilevile. Huko ndiko mafundi walikofanya kazi, na si zote zile 31 zilizoruka. Nyingine zilikuwa ghala la spea lenye mabawa.

Nirudi kwenye Avpin, maana hapo ndipo nami nilipojifunza kitu. Injini ya jeti haiwaki mpaka kwanza izungushwe kwa kasi ya kutosha. Ndege zetu za leo huzungushwa kwa hewa iliyoshinikizwa au kwa umeme. Injini ya Avon ya Hunter hizi ilizungushwa na stata inayotumia isopropili naitreti, na hiyo ndiyo Avpin. Pampu hunyunyiza kimiminika kwenye chumba kidogo, cheche inapiga, kinageuka gesi ya moto, gesi inazungusha tabini ndogo, na tabini inaivuta injini nzima. Yote hayo ni sekunde chache na mlio mkali kama wa firimbi. Faida yake ni kubwa: ndege inajiwasha yenyewe popote, bila mtambo wa kuburutwa. Kwa kambi ya jangwani hiyo si faida ndogo.

Hasara yake ni kwamba Avpin huungua bila kuhitaji hewa ya nje, kwa sababu oksijeni imo ndani yake yenyewe. Ukiufunika moto wake kwa blanketi umejisumbua bure. Tena mwali wake ni hafifu, na kwenye jua la Thumrait huenda usiuone kabisa; unachokiona ni hewa inayotetemeka na rangi ya bati inayobabuka. Mzee mmoja alinionya kana kwamba nakwenda zamu kesho yake: "Stata ikigoma, mwanangu, usiwe na pupa ya kumpa rubani ishara ajaribu tena. Iache ipumue." Sababu ni mabaki. Mvuke uliobaki chumbani ukikutana na cheche ya pili, stata inaweza kupasuka. Mimi naona ilikuwa sehemu mbovu kuliko zote za ndege hiyo, na nashangaa kidogo kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeilalamikia kwa uchungu. Walizoea tu, wakaweka watu wenye vizimamoto karibu.

Kwenye mizinga ndipo nyuso zao zinapochangamka. Hunter ilibeba mizinga minne ya ADEN ya milimita 30, na yote minne, pamoja na masanduku ya risasi, ilikaa kwenye kifurushi kimoja chini ya pua. Ndege ikirudi bila risasi, hakuna anayepanda kupanga mkanda mmoja mmoja kupitia vidirisha vya ubavuni. Mitutu inafunguliwa na kubaki ndani ya ndege, kifurushi kinateremshwa kwa winchi, kinasukumwa pembeni, na kingine kilichojazwa tangu asubuhi kinavutwa juu mahali pake. Kundi lililozoeana lilimaliza kwa dakika chache. Nilipouliza nani alikuwa hodari, zikazuka kelele sebuleni, kila mmoja akidai zamu yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumaliza. Miaka yote hiyo, na ubishi bado mbichi.

Chini ya pua hiyo kulikuwa na vifuko viwili vya bati vilivyotuna, vya kukusanyia viungo vya mikanda ya risasi. Maganda yaliachwa yaanguke, lakini viungo vikipeperuka nyuma vingeweza kuijeruhi ndege. Waingereza waliviita vifuko hivyo Sabrina, kwa jina la mwigizaji wao aliyejaliwa kifua. Wazee wetu walilijua jina hilo, ila mbele ya wake zao walijitia wamelisahau.

Injini nayo ilifikirika vizuri. Sehemu ya nyuma ya Hunter, pamoja na mkia, inafunguka na kuondoka nzima. Unatenganisha nyaya, mabomba na viunganishi vya usukani, unafungua bolti, unaiweka nyuma hiyo kwenye kitoroli chake, na Avon iko wazi mbele yako. Mimi nimewahi kutumia nusu ya zamu kuufikia mpira mmoja wa mafuta uliofichwa nyuma ya kila kitu, kwa hiyo nilizisikiliza habari hizi kwa kijicho. Palipokuwa na tabu ni baadaye, kurudisha. Vipini vya usukani lazima vikae sawasawa, na mtu wa pili, asiye wewe uliyefunga, aje akague na atie saini. Utaratibu huo bado tunao.

Walisema pia kwamba vibati, vile vya kufunika mwili wa ndege, havikuwa ndugu. Hunter zilijengwa katika viwanda kadhaa, Uingereza, Uholanzi na Ubelgiji, na nyingine zilikuwa zimeshatumika na kufanyiwa ukarabati kabla ya kufika Jordan. Kibati cha ndege hii ukikipeleka kwa ile, tundu moja linakataa. Hapo ndipo tupa ilipofanya kazi, na subira.

Joto sina haja ya kulieleza sana. Spana iliyoachwa juani haishikiki. Kazi nzito zilianza alfajiri, na vioo vya rubani vilifunikwa turubai. Vumbi ndilo lililouma zaidi, kwa sababu mchanga unalamba polepole kingo za mapanga ya kompresa, sehemu ya injini inayoshinikiza hewa, na hakuna taa itakayokuambia. Ni tochi, jicho na kidole.

Jambo moja tu waliliongelea kwa sauti ya chini: kiti. Kiti cha kumrusha rubani nje kinaendeshwa kwa baruti, na fundi anayeinama ndani ya chumba cha rubani yuko juu yake. Pini za usalama zenye vitambaa vyekundu huhesabiwa kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Kuhusu hilo hakukuwa na mzaha wala mashindano ya zamu.

Ndege hii haikuwa ngeni kwa Afrika Mashariki. Skwadroni ya 208 ya Uingereza ilikuwa na Hunter zake Eastleigh, Nairobi, mwaka 1960 na 1961, na kutoka huko ilipelekwa Kuwait wakati Iraq ilipotishia kuichukua. Kenya huru nayo ilizimiliki chache katika miaka ya 1970, kabla ya kuingia kwenye F-5, ndege za kivita za Kimarekani. Oman ilidumu nazo hadi 1993. Lebanoni ilizifufua mwaka 2008 baada ya kuzilaza miaka mingi, na ndege ambayo mkia wake hautoki kirahisi usingeifufua hivyo.

Ukiikuta Hunter kwenye makumbusho, usisimame ubavuni kupiga picha tu. Inama chini ya pua, utafute mstari wa kifurushi cha mizinga, kisha rudi nyuma ya mabawa utazame mahali mkia unapoungana na mwili. Wakikuruhusu kugusa, pitisha kidole kwenye vibati: tundu lililopanuliwa kwa tupa hulikosi.