Kwa nini protini ya dripu huamsha asidi ya tumbo ambalo halina chakula?

Kwa kawaida tumbo huanza kutoa asidi hata kabla hujatia tonge mdomoni. Ukisikia harufu ya chakula, ubongo hulipasha habari tumbo kupitia neva ya vagasi. Nyama au maharage yakishatua, sehemu ya chini ya tumbo humwaga homoni ya gastrini, nayo huzichochea zaidi seli za asidi.

Sasa mfikirie mgonjwa aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo. Hali kwa mdomo, analishwa kwa mshipa mkubwa wa damu. Njia hii ilipata nguvu mwaka 1968, Stanley Dudrick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walipoonyesha kwamba watoto wa mbwa waliolishwa hivyo tu walikua vizuri. Protini ya kwenye mfuko wa dripu huwa imekwishavunjwavunjwa kuwa asidi amino, hivyo hakuna cha kumeng'enya. Ungedhani tumbo litatulia.

Halitulii! Mwaka 1978 watafiti Isenberg na Maxwell walionyesha kwamba asidi amino zikiingizwa kwenye mshipa wa binadamu, asidi ya tumboni hupanda. Mwaka 1983 ikabainika kwamba mbili kati yake, fenilalanini na triptofani, zinatosha kuleta hali hiyo, tena hata kwa watu waliokatwa neva zinazokwenda kwenye seli za asidi, upasuaji uliotumika enzi hizo kutibu vidonda vya tumbo. Kwa hiyo ujumbe haukuhitaji kupita kwenye neva hizo.

Jibu linalonivutia zaidi lilitoka kwenye tumbo la panya mwaka 2005. Seli zinazotengeneza asidi zina kipokezi, yaani sehemu ya seli inayonasa ishara, kinachojulikana kwa kupima kalsiamu, na kipokezi hichohicho huzitambua asidi amino. Maana yake, seli zinaweza kuonja damu zenyewe, bila kungoja amri ya ubongo.

Kwa mgonjwa hili si jambo dogo. Asidi isiyo na chakula cha kuishughulisha inaweza kuchubua ukuta wa tumbo na utumbo mdogo, na aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo tayari huwa na asidi nyingi. Mafuta yanayotiwa kwenye dripu hupunguza msukumo huo wa protini. Mafuta hayo yakiwa hayatoshi, dawa ya kupunguza asidi kama famotidini inaweza kuchanganywa kwenye mfuko uleule wa lishe.